Sindano Isiyochorwa

Fundi cherehani alikaa miezi miwili akitia uzi kwenye sindano, na uzi haukuingia. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kumiminika, alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, akainua mkono mpaka usawa wa jicho, akabana midomo, akafumba jicho moja na kutulia hivyo mpaka shingo ikafa ganzi. Ng'ambo ya kichochoro, hatua kumi na tano kutoka kwake, mama mdogo wa Kimya alikuwa anamchora.

"Dada, mimi nina suruali za watu," fundi alilalamika bila kusogeza midomo.

"Suruali hazina miguu, haziendi popote. Usitikise kidevu."

"Mke wangu anauliza kwa nini siku hizi nalala nimefumba jicho moja."

"Mwambie unamchungulia."

Kimya alicheka kwa ndani, kama ilivyo kawaida yake. Jina hilo alipewa na mtaa. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipougua, na alipokuja kukaa na mama mdogo, watu walidhani ni bubu. Hakuwa bubu. Maneno yake yalikuwa machache tu, na aliyatoa mojamoja kama mtu anayetoa mayai kwenye kikapu. Kazi yake pale karakanani ilikuwa kupiga msasa mbao, kuzipaka rangi nyeupe ya kwanza, kuosha brashi, na kubeba.

Mama mdogo alikuwa fundi wa mabango. Nusu ya mtaa ilisomeka kwa mkono wake: saluni, duka la dawa, bucha, shule ya chekechea, mng'oa meno. Herufi ambazo Kimya alizikosa darasani alizimalizia pale, moja baada ya nyingine, akiwa na kopo la tapentaini ya kuoshea brashi mkononi.

Karakana ile ilikuwa na namna yake ya kumwonyesha mteja kazi. Mteja alisimamishwa mlangoni. Kimya alilibeba bango likiwa limempa mteja mgongo, akavuka kichochoro mpaka ukuta wa mbali, na hapo ndipo alipoligeuza. Hakuna mteja aliyeruhusiwa kuona bango kwa karibu kabla ya kuliona kwa mbali.

"Bango halisomwi kwa pua," mama mdogo alipenda kusema. "Linasomwa na mtu aliyechelewa kazini, tena mvua inanyesha."

Picha zake alizichora kwa namna hiyo hiyo. Aliweka doa moja la rangi ubaoni, akatembea mpaka ukuta wa mbali, akatazama, akarudi, akaweka doa lingine. Fundi cherehani alisema kwamba kwa miguu ile angekuwa mpeleka barua angekwisha kustaafu. Lakini Kimya alipomtazama hakuona kichekesho. Kwenye mabango mama mdogo alikuwa fundi hodari, mwenye haraka na maneno ya mteja. Kwenye picha alikuwa mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hata ukimwita hasikii. Siku moja alichovya brashi kwenye kikombe cha chai akidhani ni tapentaini, akaendelea kupaka, na baadaye akainywa ile chai iliyobaki. Kimya hakumwambia. Aliogopa kukatiza kitu ambacho hakujua jina lake, ila alijua kwamba ndicho kilichomfanya yeye aamke mapema bila kuitwa.

Picha ilipokwisha, fundi cherehani alikuja mbio kujitazama. Akaikaribia mpaka pumzi ikagusa ubao.

"Mbona ni madoa matupu? Na sindano iko wapi?"

"Rudi kwenye kigoda chako."

Akarudi, akageuka, akakaa. Kisha akapiga paja.

"Ala! Hiyo hapo! Umeichora saa ngapi?"

Mama mdogo alikuwa hajaichora. Alichora vidole viwili vilivyobanana, na jicho lililokazwa, na uzi unaoishia hewani. Sindano ilikuja yenyewe ukisimama mbali. Kimya alikwenda na kurudi mara sita siku ile, kujaribu kuikamata mahali inapotokea. Ilitokea kwenye hatua ya tisa. Kwenye ya nane haikuwepo.

Picha hiyo ilikuwa ya kupelekwa kwenye mashindano. Kila mwaka ukumbi mkubwa wa mji uliita wachoraji wote, kila mmoja na picha yake moja. Majaji watatu wakachagua za kutundikwa kwenye maonyesho, nyingine zikarudishwa kwa wenyewe pamoja na barua. Mama mdogo alikwisha kujaribu mara tatu. Mwaka wa kwanza alipeleka mwanamke anayeosha miguu bombani, picha iliyomfanya mama wa saluni alie bila kujua anachokililia. Ikarudi. Mwaka wa pili, kwa hasira, alichora mtungi wa maua kwa siku nne, tena jino linamuuma, akaupeleka rangi haijakauka vizuri. Ule ukatundikwa mlangoni kabisa, ukapewa na cheti cha pongezi.

"Cheti hiki ni cha jino," alisema, akakiweka chini ya makopo.

Mwaka wa tatu akapeleka watu watano wanaongoja kwenye benchi la zahanati, kazi ya mwaka mzima. Ikarudi.

"Si mnasema kizuri chajiuza?" fundi cherehani alimchokoza.

"Chajiuza sokoni, ndugu yangu. Mahakamani kinahitaji wakili."

Lakini alipoifunga picha ya sindano kwenye shuka ili Kimya aipeleke, hakuwa na mzaha. "Unajua sheria ya mabango," alimwambia. "Kazi ikirudishwa mara tatu, fundi hairekebishi tena. Anaipaka nyeupe yote, anamwachia mwingine. Mimi nimerudishiwa mara mbili. Hii ikirudi, basi, mwanangu. Nitabaki na bucha na saluni, na wala sitakufa."

Kimya aliibeba njia nzima akiwa ameishika kwa viganja pembeni, vidole vimenyooka visiguse uso wa picha. Msimamizi wa ukumbi, mtu mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio, alimtazama akiingia hivyo katikati ya watu waliokuwa wanakwaruza picha zao mlangoni.

"Nani kakufundisha kushika picha?"

"Mama mdogo."

"Unaongea sana wewe?"

Kimya akatikisa kichwa.

"Ndiye ninayekutafuta. Nahitaji mtu wa kubeba picha mbele ya majaji. Siku tatu. Mwaka jana nilichukua vijana wawili, wakawa wanapiga miluzi kila ikipita wanayoipenda."

"Hii ni ya mama mdogo," Kimya alisema, akionyesha shuka.

Msimamizi alikuna kidevu. "Hupigi kura wewe. Utaibeba ya kwenu kama utakavyoibeba ya jirani, kwa mpangilio wa namba. Ila yanayosemwa mle ndani yanabaki mle ndani. Usimwambie mtu hata neno moja. Sawa? Apa."

Kimya akaapa. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia mgeni.

*

Alidhani majaji watakuwa watu wa kutisha. Aliwakuta watatu nyuma ya meza, na sahani ya biskuti katikati. Mmoja alikuwa mama wa makumbusho, mwenye daftari na maandishi madogo kama sisimizi. Wa pili alikuwa mchongaji wa vinyago, mwenye mikono mikubwa kuliko uso wake. Wa tatu alikuwa mwalimu mzee wa chuo cha sanaa ambaye magoti yalikuwa yamemwishia. Fimbo yake ilining'inia kwenye ukingo wa meza siku nzima bila kuguswa. Chai aliletewa, karatasi za kutia sahihi aliletewa, hata dirisha likitaka kufunguliwa aliwaomba wenzake.

Sakafuni, hatua mbili kutoka mezani, palikuwa na utepe mwekundu. Hapo ndipo mbebaji aliposimama. Picha ikitazamwa, mikono ikainuliwa. Ikifika miwili, picha imekubaliwa, ikaegemezwa ukuta wa kulia. Isipofika, imekataliwa, ukuta wa kushoto. Picha zilikuwa mia mbili na kumi na nne.

Mbebaji mwenza wa Kimya alikuwa mfagiaji wa ukumbi, mama mnene aliyezungumza kwa nyusi. Wakikatazwa maneno, yeye hakupungukiwa. Nyusi moja juu maana yake hii itapita. Zote mbili chini maana yake kazi ya Mungu haina makosa, ila hii.

Naye alikosea mara nyingi kama majaji, au majaji walikosea mara nyingi kama yeye. Hadi adhuhuri ya siku ya kwanza Kimya alikwisha kuona kwamba hakuna mwenye ramani. Picha iliyotanguliwa na nyekundu kali ilionekana mfu, hata kama ilikuwa hai. Mchongaji aliinua mkono kila alipoona mikono iliyochorwa vizuri, mpaka ikaletwa picha ya mikono peke yake, na hiyo akaikataa. Mara wakapitisha nne mfululizo, mara wakakataa sita, na hizo sita zilikuja baada ya chai, wakiwa wameshiba na wanacheka. Ikapita moja ya mawingu, mikono miwili ikainuka. Mfagiaji akagundua ameishika juu chini, akaigeuza kwa aibu, na mama wa makumbusho akasema kura irudiwe. Ikainuka mikono mitatu.

Hata hivyo Kimya hakuwadharau. Aliwaona wakisugua macho. Alimwona mama wa makumbusho akiomba picha irudishwe kutoka kushoto kwa sababu imemsumbua moyoni, akaitazama tena muda mrefu, akaikataa tena kwa huzuni. Walikuwa wakijaribu kwa kweli, kama watu wanaopima maji kwa kikapu kwa kuwa ndicho walichopewa.

Na zaidi ya majaji, aliwastaajabia wenye picha. Hakuwajua, lakini kila kazi ilifika na harufu ya nyumba yake. Moja ilifungwa kwa shuka la mtoto. Moja ilikuwa na alama ya kikombe nyuma, mtu aliiegemea akinywa kitu na kufikiri. Palikuwa na picha ndogo ya kijiko ndani ya glasi, nyembamba, tulivu, ambayo Kimya angeweza kuibeba mpaka mwisho wa dunia. Ilikataliwa kwa muda mfupi kuliko chafya. Aliiegemeza ukutani taratibu, akaigeuza kidogo ili ipate mwanga.

Siku ya pili, kabla ya chai, zamu ilifika mia na kumi na nane. Mfagiaji, aliyekwisha kujua ni ya nani, akamsogelea.

"Niipenyeze baada ya chai?" akanong'ona. "Wakishiba wanakuwa watu."

Kimya alikumbuka zile sita. Akatikisa kichwa. Akafuta viganja kwenye gauni, akaishika kwa pembeni, akaingia.

Hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mbebaji mwingine yeyote asingelifanya. Miaka yake yote ya karakanani ilikuwa kwenye miguu, si kichwani. Kazi ya mama mdogo ilipokuwa mikononi mwake, miguu ilijua inakokwenda. Aliipa meza mgongo wa picha, akauvuka ule utepe mwekundu bila kuuona, akatembea ukumbi mzima mpaka ukuta wa mbali. Hapo akageuka, na picha ikageuka naye.

Kisha kiti kikakwaruza sakafu.

Mwalimu mzee alikuwa amesimama. Hakushika fimbo, hakushika meza. Alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Sindano," alisema. "Tazameni sindano ile ilivyoshika mwanga."

"Binti, unakwenda wapi?" mama wa makumbusho akauliza. "Picha zinaonyeshwa hapa, kwenye utepe."

Kimya alihisi damu yote imempanda masikioni. Akarudi haraka, picha mbele yake, akasimama mahali pake. Mchongaji akainama juu ya meza.

"Sindano ipi, mzee?"

"Hiyo hapo, kati ya vidole."

"Hapa hakuna kitu. Uzi wenyewe umeishia hewani."

Mwalimu mzee akaizunguka meza, mkono mmoja ukitambaa ukingoni. Akaja mpaka pua yake ikawa karibu na kidole gumba cha Kimya. Akavaa miwani, akaivua. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Haipo! Jamani, kweli haipo!"

"Basi haijamalizika," mama wa makumbusho alisema.

"Imemalizika. Mimi nimeiona."

"Umeiona ikiwa kule mbali. Sisi tunahukumu hapa."

"Mzee, nakuelewa," mchongaji alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Lakini maonyesho yako kwenye vile vyumba vyembamba. Watu watasimama hatua mbili. Wataona madoa. Tutakuwa tumemwaibisha mwenyewe."

Yalikuwa maneno ya haki, na hilo ndilo lililomchoma Kimya zaidi. Kura ikaitishwa. Mkono mmoja ukainuka, mwembamba, umejaa mishipa, ukabaki juu kwa muda mrefu.

"Tumekuona, mzee," msimamizi akasema.

"Najua mmeniona. Ninaushikilia tu."

Kimya akaipeleka ukuta wa kushoto.

*

Barua zilichukua siku nane. Siku ya tatu ya kazi Kimya aliporudi nyumbani, mama mdogo alimtazama usoni mara moja, akageuza macho. "Nenda kaoge," alisema. Hakuuliza, na Kimya hakusema. Lakini kila alipopiga msasa ubao aliyarudia yale yale. Angesimama kwenye utepe, huenda wangekataa wote watatu. Au huenda mchongaji asingehisi amechezewa, akainua mkono. Je, aliifaa picha au aliiua? Hakuna atakayemwambia. Hata majaji wenyewe, ungewaamsha usingizini, wasingejua.

Barua ilifika pamoja na picha, asubuhi, mama mdogo akiwa na rangi ya bluu mpaka kwenye viwiko. Fundi cherehani akaifungua kwa niaba yake.

"'Tunasikitika kukujulisha...'" Akasita, akaisoma tena kimoyomoyo, kisha akapandisha sauti. "Wamenikataa! Miezi miwili shingo imepinda, leo wananirudisha kama suruali iliyobana!"

"Wamenikataa mimi, ndugu. Wewe ulikaa tu."

"Uso ni wa nani?"

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," mama mdogo alisema, na sauti yake ilikuwa tambarare kama ubao. Akafuta mikono. Akakusanya brashi zake ndogo za picha, zile nyembamba ambazo Kimya aliziosha kwa sabuni na kuzinyoosha ncha kwa midomo, akazifunga kwenye gazeti, akazipeleka mwenyewe kwa yule fundi wa kupaka kuta rangi, nyumba ya tatu. Akarudi mikono mitupu. Akalifungua kopo la rangi nyeupe, akalikoroga kwa kijiti, akamsogezea Kimya.

"Ubao wenyewe mzuri huu. Bucha wanataka bango jipya. Ipake nyeupe."

Akaketi, akampa picha mgongo.

Kimya alishika brashi pana. Kupaka nyeupe ya kwanza ilikuwa kazi yake, alikwisha kupaka mbao zaidi ya mia mbili. Aliichovya, akaikung'uta ukingoni mwa kopo. Picha ilikuwa imeegemea kiti mbele yake, madoa matupu: doa la shavu, doa la kucha. Tone likadondoka sakafuni. Alitaka kusema, na alikuwa ameapa. Hata neno moja.

Akairudisha brashi koponi.

Akaichukua picha, akavuka nayo kichochoro, akaiegemeza ukuta wa mbali. Akarudi, akaburuta viti vitatu mpaka mlangoni, akavipanga mstari.

"Unafanya nini?" mama mdogo akauliza.

Kimya akakaa kiti cha kwanza, akaandika hewani herufi ndogo ndogo, midomo imebanwa. Akahamia cha pili, akaitandaza mikono yake kana kwamba ni mikubwa mno kwa magoti yake, akaikunja kifuani. Kisha akakaa kiti cha tatu. Hapo akazeeka. Akayasugua magoti, akanyoosha mkono apewe kikombe ambacho hakikuwepo, akakipokea, akanywa, akakirudisha bila kuinua hata paja.

"Huyu mtoto kapagawa," fundi cherehani alisema. "Leteni maji!"

"Nyamaza wewe." Mama mdogo alikuwa ameinuka. Alimjua mtu yule. Nani hakumjua? Kila ufunguzi wa maonyesho alisoma hotuba akiwa amekaa, watu wakimwinamia kumpa mkono.

Kimya, kwenye kiti cha tatu, akainua macho, akaiona picha kule ng'ambo. Magoti yake yakanyooka polepole, mikono ikaning'inia bila kushika kitu. Akasimama. Akainua mkono mmoja, akaushikilia juu, na akaendelea kuushikilia.

Nje mtu alipita na baiskeli.

"Yule mwalimu?" mama mdogo akauliza polepole. "Yule wa magoti?"

Kimya akakaa, akazeeka tena, akasimama tena.

"Bila fimbo?"

Kimya akaionyesha fimbo hewani, imening'inia mezani, haikuguswa.

"Na wale wawili?"

Kimya akavigeukia vile viti viwili, akaikunja mikono kifuani.

"Mkono mmoja tu," fundi cherehani alisema. "Sasa hiyo si imekataliwa vile vile? Mmoja si wawili."

"Imekataliwa," mama mdogo alikubali. Lakini alikuwa hamtazami fundi, wala picha. Alikuwa anamtazama Kimya kwa lile jicho ambalo hata ukiliita halisikii. "Mwaka wa mtungi bila shaka waliniinulia mikono mitatu, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua tako lake kwenye kiti. Rudia."

"Nini tena?" fundi akauliza.

"Si wewe. Mwanangu, kaa. Sasa anza kuinuka. Polepole. Polepole, nimesema... Hapo! Simama hapo hapo!"

Kimya aliganda katikati, hajakaa, hajasimama, mapaja yakiwa yamebeba mwili mzima, mgongo umeinama mbele.

"Usitikisike."

Mama mdogo alikwisha kuuvuta ubao mweupe kutoka ukutani, ule uliokuwa wa duka la dawa. Akapapasa mezani alipozoea kuweka brashi zake, akakuta patupu, akatukana kidogo, akachukua brashi ya mabango, pana kama kiganja, akaichovya kwenye ile bluu.

"Na mashindano ya mwakani je?" fundi cherehani akauliza. "Utaipeleka?"

"Nitaipeleka."

"Wakiirudisha?"

"Wanaweza kuirudisha. Wanaweza kuitundika mlangoni. Mwakani watakaa watu wengine pale mezani, nani ajuaye wataamkaje siku hiyo." Akaweka doa la kwanza, akageuka, akaanza kutembea kurudi nyuma, macho hayaondoki kwa Kimya. "Kafuate brashi zangu kwa yule fundi wa kuta kabla hajazipakia dari la mtu. Kimbia."

Fundi akatoka mbio, tepu ya kupimia inamruka shingoni. Mapaja ya Kimya yakaanza kutetemeka, kwanza la kulia, halafu yote mawili. Jasho likamteremka puani na hakulifuta.

"Unaweza kushikilia kidogo?" mama mdogo akapaza sauti kutoka ng'ambo.

"Naweza," Kimya alisema.